Walinzi wa Duka la Yusta

Wifi yangu Yusta akinunua nyanya sokoni Uyole huzigeuza moja moja, halafu humwangalia muuzaji usoni kana kwamba nyanya mbovu kaificha ndani ya sweta lake. Kaka yangu Lutengano, aliyemwoa, ni dereva wa lori. Kila akirudi safari hupokelewa na chakula cha moto na maswali ya moto. Mimi ni Tusajigwe, dada yake Lutengano, na ninaishi nao hapo hapo Uyole. Sisi Wanyakyusa tukikasirika tunasema, tunapiga kelele, yanaisha. Yusta ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga, na yeye hasemi. Anakutazama, anaweka moyoni, kisha siku moja unaponawa mikono ule anakuuliza kuhusu neno ulilolitamka wakati wa kupanda viazi, na viazi vyenyewe vimeshavunwa na kuliwa.

Nampenda, nisieleweke vibaya. Ila kuishi na mtu anayeshuku kila kitu kunachosha kama kuishi karibu na kengele.

Kazi yake ni kuuza vikapu vya milulu, matete membamba ya mabondeni, vile vinavyosukwa na akina mama wa kwao. Hana fremu ya duka barabarani. Duka lake liko mtandaoni, na mteja wa Dar es Salaam au Arusha au hata Ulaya analifungua kwenye simu, anaona picha ya kikapu na jina la aliyekisuka, anagusa kitufe kilichoandikwa "Niwekee", analipa, nasi tunamtumia. Stoo ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu, na mfungaji wa mizigo ni mimi. Hakuna vikapu viwili vinavyofanana. Kikiuzwa kimoja kimeondoka, hakuna ndugu yake rafuni.

Sasa, duka la namna hiyo linaishi kwa Krismasi. Mwaka mzima wateja huja mmoja mmoja, halafu Desemba wanamiminika wote kwa pamoja. Krismasi iliyopita walipomiminika, duka liligoma. Mteja anagusa picha, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka mtu anachoka na kwenda kununua doli la Kichina. Vikapu vikabaki vimetukodolea macho stooni. Yusta alipokwenda kwao kuwaeleza wasukaji, hawakumwelewa. Duka gani linakufa siku ambayo wateja wamekuja? Mama mmoja alisema mbele ya watu kwamba Yusta ameuza, amekula, na hadithi ya mtandao ni ya kufunika jungu.

Tena alikuwapo Rabson, mchuuzi mwenye pikapu, anayezunguka vijijini akinunua vikapu kwa fungu kama vitunguu. Nusu ya wasukaji walishataka kumfuata. Aliyewazuia ni shangazi yake Yusta, Faustina, kiongozi wa kile kikundi. Lakini naye alimwambia Yusta neno ambalo wifi yangu alirudi nalo Uyole amelibeba kama mzigo: "Krismasi hii moja tu, mwanangu. Ikigoma tena, sitakuwa na mdomo wa kukusemea."

Basi ikawa hivyo. Duka likisimama Desemba, kikundi kinabaki. Likianguka, wasukaji wanakwenda kwa Rabson, na Yusta hana kingine.

Ndipo akaingia Vitus, fundi wa tovuti mwenye chumba chake Mwanjelwa. Kijana mtu mzima, mpole, mwenye kusugua macho. Tulimkuta ana kompyuta mbili na koti zito, maana ulikuwa mwezi wa saba na baridi ya Mbeya ilikuwa haina huruma. Akatusikiliza, akasema anahitaji nywila ya duka.

"Ya nini?" Yusta akauliza.

"Ya kuingilia, dada."

"Uingie ufanye nini?"

"Nitengeneze."

"Tengeneza ukiwa nje."

Nilicheka peke yangu. Mwisho Yusta aliiandika mwenyewe, mgongo ameuelekeza kwa Vitus, kitenge amekitandaza juu ya mikono. Na kuanzia siku hiyo, kila Vitus alipokaa kazini, Yusta alikaa pembeni yake na chupa ya chai. Fundi akigusa kitufe, anaulizwa: "Hapo umefanya nini?" Akikuna kichwa, anaulizwa: "Kuna nini?" Mimi ningemfukuza tangu siku ya kwanza. Vitus alijibu yote.

Alituambia shida kubwa ni picha. Yusta alizipiga kwa simu nzuri ya Lutengano na kuzipandisha hivyo hivyo, nzito kupita kiasi. "Mteja ameomba kisado," Vitus akasema, "nyie mnamshushia gunia zima mlangoni, na mlango wenyewe mwembamba." Alitaka kuzipunguza uzito.

"Ukizipunguza, vikapu vitaonekana vidogo," Yusta akasema.

"Hapana, dada. Uzito ndio unapungua. Ukubwa wa kuonekana unabaki."

Hakuamini. Vitus akapunguza picha moja, akaiweka kando ya ile ya zamani. Yusta akasogea, akarudi nyuma, akakuza ukingo wa kikapu mpaka zikaonekana nyuzi. Akaniita na mimi. Hatukuona tofauti yoyote. Hapo ndipo alipomgeukia fundi na kusema, kwa sauti ya chini, kwamba kama tofauti haipo basi kazi haijafanyika. Vitus akavua miwani, akaiweka mezani, akanywa chai yetu.

Hata hivyo kazi ilikwenda. Picha zikawa nyepesi. Madoido ya theluji yaliyokuwa yakidondoka juu ya ukurasa, ambayo Yusta aliyapenda sana, yakatolewa. Duka likahamishiwa kwenye mashine kubwa zaidi, ya kukodi, kwa ajili ya msimu. Kisha Vitus akalijaribu kwa kuliletea wateja wa kuigiza, umati mzima uliotoka ndani ya kompyuta, kila mmoja akifungua, akichagua, akigusa "Niwekee". Duka halikutikisika. Ulikuwa ukigusa picha, kufumba na kufumbua imefunguka. Nilimpongeza Vitus kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", naye akacheka kwa kuwa hakujua pa kunijibia. Yusta hakumpongeza. Alisema tutaona wakija wa kweli.

Wiki ya mwisho kabla ya siku tuliyotangaza kufungua mauzo ya Krismasi, duka likaanza kugandaganda tena.

Halikufa. Asubuhi linakwenda vizuri, watu wakishatoka misa ya asubuhi linalegea. Saa za mchana linaamka, jioni linalegea tena. Na kulikuwa na jambo lililomtia Yusta homa kabisa. Vikapu vilikuwa vinashikwa. Mtu anagusa "Niwekee", kikapu kinaandikwa "kimeshikwa", hakuna mwingine anayeweza kukinunua mpaka muda wa kulipa upite. Muda unapita, hakuna aliyelipa, kikapu kinaachiwa. Baada ya kitambo kidogo kinashikwa tena. Tulikaa jikoni tukitazama kwenye simu yake vikapu vyetu vinavyoshikwa na kuachwa, vinashikwa na kuachwa.

"Ni Vitus," Yusta akasema.

"Vitus atashika vikapu vya nini?"

"Anataka nimlipe tena alitengeneze. Fundi wa redio wa kwetu alikuwa hivyo. Akitengeneza, anaacha waya mmoja."

Palepale akabadilisha nywila bila kumwambia mtu. Kesho yake Vitus alikuja Uyole mwenyewe, amekasirika kwa upole wake, anauliza kwa nini amefungiwa nje na duka linamlilia. Nilimkaribisha kiti kwa kuwa mwenye nyumba hakumkaribisha. Alieleza kwamba anaweza kuona wageni wanaoingia dukani wanatokea upande gani wa nchi. Sehemu kubwa ya wanaolegeza duka hawatokei Dar wala Arusha. Wanatokea Iringa.

Yusta alisimama. "Rabson," akasema.

Kwa kweli hata mimi niliamini. Nilimwona Rabson amekaa kwenye pikapu yake na simu mkononi, anashika vikapu vyetu ili Krismasi ipite viko palepale. Nilimtukana kwa Kinyakyusa, tusi ambalo mama yangu asingependa kulisikia. Yusta akampigia shangazi Faustina akaweka sauti ya nje, ili Vitus asikie kwamba amesafishwa, ingawa msamaha hakumwomba.

"Shangazi, kamwene."

"Kamwene, mwanangu. Mko salama?"

"Tuko salama. Shangazi, Rabson anapita huko?"

"Anapita, tunamwona. Lakini wewe usiwe na wasiwasi na duka, tunaliamia vizuri."

"Mnaliamia?"

"Si ulituambia mwenyewe baada ya Krismasi ile tuwe tunachungulia? Basi wiki hii tumepanga zamu, kama tulivyokuwa tukiamia mtama zamani. Wakitoka misa wanaanza hawa, jioni wale. Wenye watoto mjini wamewaambia na wao. Kila mtu anafungua, anaangalia kikapu chake kama bado kipo. Akikikuta anakishika, mwizi asije akakichukua. Mimi hapa changu nimeshakishika, nakiachia mkono ukichoka."

 Nje lori lilikuwa linapiga honi kwenye barabara kuu. Mhehe, Mbena, Msangu, Mnyakyusa, sisi sote watoto wa huku tumewahi kusimama shambani tukipiga makopo ndege wasishuke. Hakuna aliyetuambia kwamba duka la simu haliamiwi hivyo.

Yusta aliaga, akakaa chini. Vitus, ambaye angekuwa na haki ya kusema mengi, alisema machache tu: "Walinzi wamejaa mlangoni, dada. Wateja watapita wapi?"

"Wafungie," Yusta akasema. "Huwezi kuwafungia?"

"Naweza kuifungia Iringa yote kwa asubuhi moja. Lakini siku ya mauzo wakifungua wakakuta giza, watasema nini?"

Sote tulijua watakachosema. Wangesema ameuza, amekula. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilimkwama Yusta kooni tangu mchana hadi alipoosha vyombo vya jioni. Ilikuwa lazima awaombe akina mama wale wasiangalie. Watu waliomshuku, awaambie wafumbe macho siku ileile ambayo mali yao inatoka mlangoni. Aliniambia, mikono ndani ya povu: "Wifi, mimi mtu akiniambia nisiangalie, ndiyo kwanza naangalia."

"Najua," nikamwambia. "Wote tunajua."

Akapiga simu. Alimweleza shangazi yake yote, polepole, mwisho akasema: "Naomba siku hiyo msifungue duka kabisa. Hata mmoja. Msiangalie mpaka niwaambie."

Tulimsikia shangazi akiwarudia maneno hayo waliokuwa karibu naye. 

"Tusiangalie," Faustina akasema hatimaye.

"Msiangalie, shangazi."

"Tumesikia."

Akakata. Yusta akabaki ameikodolea simu. "Hakusema sawa," akaniambia. "Amesema tumesikia. Kwetu mtu anayekukatalia ndiyo anasema tumesikia."

Siku ya mauzo ilikuwa Jumamosi. Vitus alikuja na kompyuta yake, nikamwekea meza sebuleni, na safari hii Yusta alimpa nywila bila kutandaza kitenge. Wateja walianza kuingia mara tu mauzo yalipofunguliwa. Walikuja wengi kuliko mwaka jana, na duka likawapokea wote kama mama mwenye nyumba kubwa. Picha zinafunguka, kitufe kinaguswa, malipo yanaingia, kikapu kinaondoka rafuni na kuandikwa jina la mwenyewe. Mimi nilikuwa nafunga maboksi mpaka vidole vikauma, na kila nikipita nampiga Vitus begani. Kufika jioni karibu vikapu vyote vilikuwa vimepata watu, na wengine walikuwa wanaagiza vya mwezi unaofuata.

Unadhani wifi yangu alicheka? Alikuwa amekaa na simu yake, uso umekunjamana.

"Iringa vipi?" akamuuliza Vitus.

"Kimya. Tangu asubuhi hakuna mtu wa Iringa aliyefungua."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mbona kimya hivyo?"

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia jana ulilia kwa kuwa wataangalia, leo unalia kwa kuwa hawaangalii, sasa wafanye nini, wafe?  Akampigia shangazi Faustina ampe habari njema. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akampigia Tekla, binti wa shangazi, naye pia anasuka. Ikaita, ikakata. Akapiga kwa mama mwingine, na mwingine, wote anaowajua. Zinaita, hapokei mtu. Niliona amefika pale alipokuwa anakwenda tangu asubuhi.

"Wamekwenda kwa Rabson," akasema. "Wote. Wanaona aibu kupokea. Vikapu hivi vimeuzwa, sawa, na hivi vilivyoagizwa atavisuka nani?"

Asubuhi yake tulipanda basi la kwanza. Njiani hakula hata hindi moja la Makambako. Alikuwa anaunganisha mambo: shangazi alivyosema tumesikia, Tekla alivyochelewa kumjibu salamu wiki mbili nyuma, mama fulani alivyomtazama mwaka jana. Akiyapanga yote kwenye mstari yalikuwa na maana kabisa, na mimi nilikuwa sina la kumpinga. Tukashuka njia panda kabla ya kufika mjini, tukachukua bodaboda. Hatujafika mbali tukapishana na pikapu ya Rabson, mzigo wake umefunikwa turubai. Alitupungia mkono. Yusta alifumba macho.

Karibu na kwa shangazi tukashuka tukatembea. Yusta akatoa simu, akapiga kwa mara ya mwisho. Tulisikia ikiita ndani ya nyumba. Uani tuliona kanga za akina mama wenyewe, wamekaa kwenye mikeka, wanaongea. Simu inalia na hakuna aliyegeuza shingo.

Alifungua lango kwa hasira. "Kamweneni," akasema, na sauti haikuwa ya salamu.

Walikuwa wanasuka. Wote walikuwapo, milulu mibichi imelazwa katikati yao, vikapu vipya vimefikia nusu. Faustina alinyanyuka taratibu, akamkumbatia, akanikumbatia na mimi.

"Mbona umekuja bila habari, mwanangu?"

"Ningetoaje habari? Simu hampokei! Tangu jana napiga!"

"Ulisema tusiangalie."

"Nilisema msiangalie duka, shangazi. Sikusema msipokee simu."

"Duka si limo ndani ya simu?" Faustina akasema. "Mtu akishika simu apokee, kidole kitamsikia? Tukaona tuziweke zote mpaka utakaposema."

Akamtuma Tekla ndani. Tekla akarudi na kapu kubwa lenye kifuniko, na ndani yake kitu kilikuwa kinatetemeka, maana Yusta alikuwa bado hajakata ile simu. Kifuniko kilikuwa kimeshonwa. Mshono wa mlulu, wa karibu karibu, umezunguka ukingo wote kama ule wa kumalizia kikapu cha kuuza.

"Na Rabson?" Yusta akauliza. "Tumepishana naye. Amebeba."

"Kabichi," mama mmoja akasema. "Alitaka vikapu tukamuuzia kabichi."

Wakacheka. Mimi nilikuwa bado nalitazama lile kapu. Nikauliza kwa nini walihangaika kushona, wakati kifuniko peke yake kingetosha.

Faustina hakunijibu mimi. Alimtazama Yusta. "Tungekuambia kwa mdomo kwamba hatukuangalia, ungetuamini?"

 Nilidhani Yusta atasema ndiyo, kwa adabu tu, kwa kuwa ni shangazi yake na watu walikuwa wanasikiliza.

"Nisingeamini," akasema.

"Tulijua. Ndiyo maana tukakushonea. Kagua."

Machozi yalimtoka wifi yangu hapo hapo amesimama na mkoba begani, na mimi ambaye huwa namcheka nilitazama pembeni. Akina mama hawakuwa wameuliza bado kama vikapu vimeuzwa. Nikawaambia mimi kwamba vimekwisha, na kwamba watu wanataka vingine. Vigelegele vikapigwa, mtu akaleta mkasi. Faustina akampa Yusta kapu na mkasi, akamwambia aangalie mshono kwanza, kisha akate.

Yusta hakuuangalia. Alimrudishia shangazi kapu na mkasi akasema akate yeye, kisha akakaa mkekani, akachukua kikapu cha mtu kilichokuwa nusu akaanza kukisuka.